Kolesteroli na Kopo la Mafuta: Ukweli Usiomfaa Mnunuzi

Makopo na madumu mengi ya mafuta ya kupikia yauzwayo madukani mwetu yamepambwa kwa maneno, aghalabu ya Kiingereza, yenye maana kwamba mafuta yaliyomo hayana kolesteroli. Maneno hayo ni ya kweli. Pamoja na hayo, nakusudia kueleza katika makala haya kwa nini naona kwamba yafaa yaondolewe, na kwamba, mpaka yatakapoondolewa, mwalimu wa sekondari anao wajibu wa kumwonyesha mwanafunzi wake jinsi neno la kweli linavyoweza kumpotosha mnunuzi.

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, hutengenezwa na miili ya wanyama. Katika mimea imo kwa kiasi kidogo mno kisichostahili kuhesabiwa jikoni. Kwa hiyo mafuta ya alizeti hayana kolesteroli; ya mawese hayana; ya nazi hayana; ya pamba, ya karanga na ya ufuta hayana. Mtu aandikaye hivyo juu ya kopo la mafuta ya mbegu ni sawa na muuza mchicha anayetangaza sokoni kwamba mchicha wake hauna mifupa. Hasemi uongo, lakini asiyejua atadhani kwamba mchicha wa jirani unayo.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama lisingeleta madhara. Madhara yenyewe ni kwamba mnunuzi huamini kuwa kopo hilo, liwe na mafuta ya namna yoyote, ni kinga ya moyo wake, naye humimina bila kipimo. Kumbe kitu ambacho hupandisha zaidi kolesteroli ya damu si kolesteroli iliyomo katika chakula, bali ni aina ya mafuta tunayokula. Habari ya aina hiyo, kama imeandikwa, huwa nyuma ya kopo kwa herufi ndogo kama sisimizi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dutu ambayo si sumu

Wanafunzi wengi wanaofika chuo kikuu hunieleza kwamba kolesteroli ni sumu inayopatikana katika nyama na mayai. Hapana budi fikra hiyo irekebishwe mapema. Jina la dutu hii lilitolewa na mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, mwanzoni mwa karne ya 19, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na kitu kigumu, kwa sababu ilipatikana katika vijiwe vya mfuko wa nyongo. Hakuna seli ya mwili wetu iwezayo kuishi bila dutu hiyo, maana ni sehemu ya utando unaoizunguka kila seli. Homoni za uzazi hutokana nayo. Vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa msaada wa mwanga wa jua, hutokana na dutu iliyo ndugu yake wa karibu. Na asidi za nyongo, ambazo pasipo hizo tusingeweza kufaidi mafuta ya chakula, hutengenezwa na ini kutokana na kolesteroli.

Kwa kuwa dutu hii ni muhimu kiasi hicho, mwili haungoji kuletewa. Mtu mzima hutengeneza mwenyewe kolesteroli ipatayo gramu 1 hivi kila siku, katika ini na katika viungo vingine. Chakula chake humletea kiasi kidogo kuliko hicho: kiini cha yai moja kina miligramu zipatazo 200. Tena kolesteroli ya chakula haiingii yote mwilini. Kwa wastani huingia kama nusu, ingawa watu hutofautiana sana katika jambo hili. Na inapoingia nyingi, mwili wa mtu mwenye afya hupunguza ile unayoitengeneza wenyewe.

Msomaji aweza kuuliza: basi sifa mbaya ya dutu hii ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa sungura. Mwaka 1913 mtaalamu Mrusi, Nikolai Anitschkow, aliwalisha sungura kolesteroli safi iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa yao ya damu ikajaa utando wa mafuta kama ule unaoonekana kwa wagonjwa wa moyo. Sungura waliopewa mafuta ya alizeti peke yake hawakupatwa na kitu. Lilikuwa jaribio zuri, na funzo lake kwamba kolesteroli ikizidi katika damu huharibu mishipa limesimama hata leo. Lakini sungura ni mla majani. Mwili wake haukuumbwa kupokea kolesteroli katika chakula. Panya na mbwa hawakudhurika upesi kwa njia hiyo, kwa sababu miili yao huigeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo kwa wepesi zaidi. Binadamu si sungura wala si panya, na hapo ndipo kazi ya sayansi ilipoendelea.

Safari ya mafuta tumboni

Ili tuelewe jinsi chakula kinavyobadili damu, yafaa tuyafuate mafuta katika safari yake. Mafuta hayachangamani na maji, na utumbo umejaa maji. Chakula kinapofika katika utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo hujikamua. Chumvi za nyongo huyasambaratisha matone makubwa ya mafuta yawe madogo sana, nacho kimeng'enya kiitwacho lipasi, kitokacho katika kongosho, huyakata mafuta hayo kuwa asidi za mafuta na vipande vingine vidogo. Vipande hivyo, pamoja na kolesteroli na vitamini A, D, E na K, hubebwa na chumvi za nyongo katika vifurushi vidogo mno viitwavyo miseli hadi kwenye ukuta wa utumbo. Humo ndani seli huviunga tena kuwa mafuta, huyafunga katika vibebeo vyenye protini, na kuyapitisha katika mishipa ya limfu hadi kwenye damu.

Kwa mtu mwenye afya kazi hii hufanyika kwa ukamilifu wa ajabu: katika kila gramu 100 za mafuta yaliyoliwa, gramu 95 au zaidi huingia mwilini. Kwa sababu hiyo hazina msingi zile habari zinazosambazwa mitaani kwamba maji ya moto yenye ndimu huyakata mafuta tumboni, au kwamba maji baridi huyagandisha yakashika utumbo. Maji baridi yakiingia tumboni hupata joto la mwili baada ya muda mfupi. Hata mafuta ya ng'ombe, ambayo huyeyuka kwa joto la juu kidogo kuliko la mwili, humeng'enywa vizuri, kwa sababu kazi hiyo ni ya nyongo na lipasi, wala haingoji maji yetu ya kunywa.

Kipo hata hivyo chakula kiwezacho kuibadili safari hii. Chumvi za nyongo zikishamaliza kazi hazitupwi. Karibu zote, kadiri ya sehemu 95 katika 100, hunywewa tena na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini, nazo huzunguka hivyo mara kadhaa kwa siku. Maharage, kunde, mbaazi, dengu, bamia na matunda yana nyuzinyuzi za aina inayovimba katika maji na kuwa kama uji mzito. Nyuzinyuzi hizo huzinasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni. Ini, likiona akiba yake imepungua, hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli, ambayo huivuta kutoka katika damu. Karanga, ufuta na mbegu nyingine zina dutu zifananazo na kolesteroli ambazo hugombania nafasi katika miseli, na kwa hiyo kolesteroli kiasi hukosa kifurushi cha kuiingiza mwilini. Kwa hiyo sahani ya maharage ina haki ya kujisifu mbele ya kolesteroli kuliko kopo lolote la mafuta.

Mlango wa ini

Kolesteroli husafiri katika damu ndani ya vibebeo vya mafuta na protini. Vile vinavyoitwa kwa kifupi LDL ndivyo huipeleka kwenye seli, na ndivyo, vikizidi na kukaa muda mrefu katika damu, hupenya katika kuta za mishipa na kuanzisha utando. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Texas, Marekani, waligundua katika miaka ya 1970 kwamba seli, hasa za ini, zina vipokezi vinavyoikamata LDL na kuiingiza ndani. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Vipokezi vikiwa vingi, damu husafika. Vikipungua, LDL hurundikana.

Hapa ndipo aina ya mafuta inapohusika. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni. Mnyororo ulioshika atomi zote za haidrojeni unazoweza kuzishika tunasema umeshiba. Ule wenye nafasi moja au zaidi zilizobaki wazi haujashiba. Mafuta yaliyoshiba yakizidi katika chakula hupunguza kazi ya vipokezi vya ini, na LDL hupanda. Yakibadilishwa kwa mafuta yasiyoshiba, vipokezi hufanya kazi zaidi, na LDL hushuka. Kolesteroli ya chakula nayo ina athari yake, lakini kwa watu wengi ni ndogo kuliko hiyo.

Sasa tuyatazame makopo yetu. Katika kila gramu 100 za mafuta ya alizeti, yaliyoshiba ni kama gramu 11. Katika ya ufuta na ya soya ni kama 15. Katika ya karanga hukaribia 20, na katika ya pamba ni kama 26. Katika mafuta ya mawese ni kama nusu nzima. Katika ya nazi ni zaidi ya 80, yaani hata kuliko samli, ambayo ina 60 na kitu. Mafuta haya yote ya mimea yaweza kuandikwa bila uongo kwamba hayana kolesteroli. Maneno yasiyoweza kutofautisha 11 na 80 yana faida gani kwa mnunuzi?

Ushahidi uliopo

Mtu asije akasema kwamba haya ni mambo ya vitabuni. Mwaka 1987 uchunguzi uliofanywa Mauritius ulionyesha kwamba magonjwa ya moyo na kisukari yalikuwa yameenea. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyotumiwa na wengi huko yalikuwa zaidi ya mawese. Serikali iliamuru yabadilishwe yawe ya soya. Mwaka 1992 watu walipimwa tena, na wastani wa kolesteroli katika damu ya wanaume ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7, kwa wanawake vilevile ulishuka. Kulikuwapo na kampeni nyingine za afya wakati huohuo, na hivyo si haki kuyapa mafuta sifa yote. Lakini watafiti walikadiria kwamba sehemu kubwa ilitokana nayo. Izingatiwe kwamba mafuta ya awali na mafuta mapya yote hayakuwa na kolesteroli.

Hapa Tanzania, utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996, uliwalinganisha wanakijiji wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao chakula chao kikubwa ni samaki, na wenzao wa milimani ambao chakula chao ni cha mimea. Wala samaki walikuwa na kolesteroli ya chini zaidi na shinikizo la damu la chini zaidi. Kama kolesteroli ya chakula ingekuwa ndiyo jambo kuu, matokeo yangekuwa kinyume, maana samaki ana kolesteroli na mahindi hayana. Mafuta ya samaki hayajashiba. Hiyo ni sehemu kubwa ya maelezo.

Katika mijadala ya darasani, mwanafunzi mwerevu hakosi kuwataja Wamaasai, ambao kwa desturi walitegemea maziwa na nyama na ambao George Mann wa Marekani, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1964, aliwakuta na kolesteroli ya chini. Hoja hiyo ina ukweli, lakini aghalabu huelezwa nusu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1971 ulionyesha kwamba Wamaasai waliochunguzwa walikuwa na uwezo mkubwa wa kupunguza utengenezaji wa kolesteroli mwilini pale walipoipata katika chakula. Mann mwenyewe, mwaka 1972, alieleza habari za mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Utando wa mafuta ulikuwamo katika mishipa yao kama kwa wazee wa Marekani, ila mishipa ilikuwa mipana, na damu ilipata njia. Tafiti za baadaye nchini zimeonyesha kwamba Wamaasai hutumia nguvu nyingi kwa kutembea kuliko wakazi wa mijini. Basi anayetaka kunywa maziwa kama mchunga ng'ombe hana budi kutembea kama mchunga ng'ombe, na hata hivyo hatakuwa na hakika.

Hofu iliyovuka mpaka

Neno hilo la kwenye kopo lina dhara la pili, nalo ndilo linalonisikitisha zaidi. Linafundisha kwamba kolesteroli ni adui, na adui huogopwa popote aonekanapo. Mzazi aliyefundishwa hivyo humnyima mtoto yai. Mpishi hupika mchicha kwa maji na chumvi tu, akidhani anaulinda moyo wa familia yake. Katika nchi ambayo watoto wengi bado hawapati protini na vitamini za kutosha, hofu hiyo ni hasara.

Tukumbuke zile miseli. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya maboga vina karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini haiyeyuki katika maji. Pasipo mafuta katika mlo, nyingi hupita utumboni na kutoka ilivyoingia. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, kama gramu 3 hadi 5 kwa mlo, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji. Bibi zetu waliounga kisamvu kwa karanga zilizotwangwa hawakusoma habari za miseli, lakini walipika sawasawa. Mawese mekundu ya Kigoma, yasiyosafishwa kiwandani, yana karotini yake yenyewe kwa wingi. Hayohayo yakisafishwa mpaka yakawa meupe, karotini hiyo hupotea na mafuta yaliyoshiba hubaki. Huu ni mfano mwingine wa jambo ambalo maneno ya kopo hayalisemi.

Simwambii mtu wa pwani aache tui. Tui la kuungia samaki au maharage, likipimwa, si sawa na mafuta ya nazi yaliyokamuliwa na kumiminwa kila siku katika kikaango. Ninachosema ni kwamba kipimo na aina ya mafuta ndivyo vitu vya kufundishwa, wala si woga.

Pingamizi mbili

Najua kwamba wapo watakaonipinga kwa hoja ya bei. Watasema mafuta ya mawese yaagizwayo kutoka Malaysia na Indonesia ni rahisi kuliko ya alizeti yetu ya Singida na Dodoma, na mwananchi hununua anachoweza. Hoja hii ni nzito, nami siwezi kuiondoa kwa maneno. Lakini mwenye kopo la bei nafuu anaweza kupima kwa kijiko badala ya kumimina, anaweza kuunga kwa karanga siku nyingine, na anaweza kula maharage. Hayo hayaongezi gharama, mengine huipunguza. Tena asiye na fedha ndiye anayestahili zaidi kuelezwa ukweli kamili, kwa sababu kosa la ununuzi humuumiza yeye kuliko tajiri.

Wengine watasema kwamba kolesteroli ni jambo la matajiri, na kwamba sisi tuna malaria na utapiamlo wa kushughulikia. Ilikuwa rahisi kusema hivyo zamani. Leo wagonjwa wa kiharusi, wa shinikizo la damu na wa kisukari wamo katika hospitali za wilaya, nao si matajiri wote. Chipsi na mandazi vinavyokaangwa barabarani huliwa na mwanafunzi na kibarua. Humo kuna tatizo jingine: mafuta yaliyochemshwa siku baada ya siku huharibika, na yasiyoshiba, kama ya alizeti, huharibika upesi zaidi. Mafuta mema katika karai lisilobadilishwa mafuta hayabaki mema.

Ambalo yafaa litendeke

Kwanza, maneno ya kopo. Miongozo ya Codex Alimentarius ya mwaka 1997 kuhusu madai ya lishe inasema kwamba chakula kigumu hakistahili kuitwa kisicho na kolesteroli mpaka mafuta yake yaliyoshiba yawe chini ya gramu 1.5 katika kila gramu 100. Kwa cha majimaji kiwango ni cha chini zaidi. Alizeti, yenye gramu 11, haifiki huko. Mawese na nazi ndizo zilizo mbali zaidi. Hivi ni kusema kwamba, kwa kipimo hicho, hakuna mafuta yoyote ya kupikia yanayostahili maneno hayo. Nchi zetu za Afrika Mashariki ni wanachama wa Codex. Naona yafaa mamlaka za viwango zisimamie kipimo hicho, na mahali pa maneno hayo paandikwe kwa Kiswahili, mbele ya kopo, kiasi cha mafuta yaliyoshiba katika kila gramu 100. Tarakimu moja ya kweli yatosha.

Pili, maabara. Mwalimu hahitaji vifaa vya gharama. Achukue chupa mbili zenye maji na kijiko cha mafuta katika kila moja. Katika moja atie kijiko cha nyongo ya ng'ombe, ambayo mchinjaji ataitoa kwa furaha. Chupa zote mbili zitikiswe sawasawa kisha ziachwe juu ya meza. Mafuta ya chupa isiyo na nyongo yataelea juu upesi. Ya chupa yenye nyongo yatabaki yametapakaa kama maziwa kwa muda mrefu zaidi. Mwanafunzi aliyeona hivyo, akaosha mikono yake vema, hatasahau kazi ya nyongo.

Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Mafuta ya nazi, ya mawese na ya alizeti yatiwe katika vichupa vitatu na kuwekwa katika maji ya barafu au ndani ya friji. Ya nazi yataganda yawe magumu. Hata huko Njombe, asubuhi za Juni, huganda yenyewe rafuni, kwa maana huyeyuka kwa nyuzi 24 hivi. Ya mawese yataganda pia. Ya alizeti yatabaki majimaji, pengine na ukungu kidogo kutokana na nta ya mbegu. Minyororo iliyoshiba imenyooka, nayo hupangika pamoja kwa urahisi kama kuni zilizonyooka katika mzigo. Isiyoshiba imepinda, haipangiki. Hapo mwalimu wa kemia na wa biolojia watakuwa wamefundisha somo moja.

Tatu, jiko la shule. Shule yenye bweni hununua mafuta kwa madumu na maharage kwa magunia. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kupewa kazi ya kuhesabu, kwa muda wa juma moja, kila mlaji anapata gramu ngapi za mafuta kwa siku, na ngapi kati ya hizo zimeshiba. Hesabu ni ya kugawanya na kuzidisha tu. Matokeo yapelekwe kwa mkuu wa shule, si kwa kulalamika, bali kama taarifa ya kisayansi. Yawezekana wakakuta kwamba mafuta ni machache mno na mboga haziungwi; yawezekana wakakuta kinyume chake. Vyovyote iwavyo, watakuwa wamekipima chakula chao wenyewe badala ya kuamini kopo.

Sayansi tunayoifundisha hupimwa sokoni zaidi kuliko katika chumba cha mtihani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri katika mada ya umeng'enyaji, kisha akaenda dukani na kulipa zaidi kwa sababu kopo limeandikwa kwamba halina kitu ambacho halikuwezekana kuwa nacho, bado hajafundishwa. Naomba walimu wasomao jarida hili walete kopo moja darasani muhula ujao, wawaulize wanafunzi maneno yale yana maana gani, na wasiliondoe mezani mpaka jibu lipatikane.